Jembe Likiisha Hununuliwa Jingine, Mgongo Je?

Na Bwana Shamba, Kyela

Tazama jembe lako. Lilipokuwa jipya lilikuwa pana. Sasa limelika, limebaki dogo kama kiganja. Ukienda Kyela mjini au sokoni Ipinda utanunua jingine, kazi itaendelea.

Sasa fikiri juu ya mgongo wako. Ulianza kuinama nao shambani ungali mtoto. Umelima nao, umepanda mpunga nao, umebeba nao magunia, maji na kuni. Nao pia unalika. Lakini hakuna duka linalouza mgongo mpya.

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wakulima wengi hulificha. Jambo hilo ni maumivu ya mwili wa mtu anayefanya kazi ya mikono huku umri unakwenda. Mtumishi wa serikali akifika miaka 60 hustaafu. Mkulima hana siku ya kustaafu. Basi tujue namna ya kuendelea na kazi bila kuumaliza mwili.

YALIYOMPATA TATA

Nitaanza nyumbani kwetu. Baba yangu, ambaye sisi humwita Tata, amelima mpunga katika bonde la Kyela tangu ujana wake. Ana ekari mbili za mpunga, kakao kidogo nyuma ya nyumba, na michikichi michache.

Alipofika miaka 64 bado alitaka kufanya kila kazi mwenyewe. Usiku Mama alimwona ameketi kitandani akijikanda kiuno. Alipomwuliza, Tata alijibu, "Ni baridi tu." Baridi ya Kyela! Bonde letu liko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Watu wa Tukuyu wakisema baridi tutawaamini. Sisi tunalala na jasho.

Mwaka ule mpunga ulikubali sana. Siku ya tatu ya kuvuna Tata aliinama ili anyanyue gunia. Hakuinuka tena kwa nguvu zake. Vijana wawili walimshika mikono wakamrudisha nyumbani. Alilala wiki tatu.

Wakati huo mpunga ulikuwa umeiva. Ndege wanakula. Mvua za mwisho zinaulaza chini. Fedha za vibarua hazipo. Watoto tuko mbali, kila mtu na kazi yake. Basi akaja mtu mwenye fedha mkononi. Tata akamwuzia mpunga ungali shambani, kwa nusu ya bei waliyoipata jirani zake mwezi mmoja baadaye. Wanunuzi wakavuna, wakapakia, wakaondoka. Tata alisikia sauti zao akiwa kitandani.

Mimi ni bwana shamba. Nilikuwa nimemfundisha baba yangu mbegu bora, nafasi ya kupanda na mbolea. Lakini sikuwahi kumwuliza, "Tata, mgongo wako unasemaje?" Hilo lilikuwa kosa langu. Ndilo lililonifanya nijifunze haya ninayokuandikia leo.

MWILI HUBADILIKA VIPI?

Mtu akipita miaka 30 hivi, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo. Hatambui mara moja. Akipita miaka 50 hutambua. Gunia alilokuwa akilitupa begani sasa linamshinda.

Uti wa mgongo umejengwa kwa vipande vya mifupa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kati ya kipande na kipande kuna kitu laini kama mto mdogo. Mto huo huzuia mifupa isisagane. Umri unapokwenda, mto huo hukauka na kuwa mwembamba. Ukiinama na kunyanyua kitu kizito kwa ghafla, mto unaweza kutokeza pembeni na kubana mshipa wa fahamu. Ndipo mtu husikia maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi mguuni.

Tena, mwili wa mtu mzima hupona polepole. Kijana akijikaza msuli leo, baada ya siku chache amesahau. Mtu wa miaka 55 anaweza kuumwa kwa wiki kadhaa.

Lakini tusidanganyike. Dawa ya hali hii siyo kuacha kazi na kukaa tu. Misuli isiyotumika hupungua upesi zaidi. Viungo visivyonyooshwa hukakamaa. Dawa ni kubadili namna ya kufanya kazi.

PIMA MZIGO WAKO

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo juu ya kubeba mizigo. Lilisema mwanamume mzima asibebe peke yake zaidi ya kilo 55. Kwa wanawake na vijana lilisema mzigo uwe mdogo zaidi.

Sasa tupige hesabu. Gunia la mpunga ni kilo ngapi? Gunia la kilo 100 linakaribia mara mbili ya kilo 55. Na lumbesa, ile ya kuongezewa kilemba juu, inazidi hapo. Lumbesa imekatazwa kisheria. Watu wengi husema lumbesa inamwibia mkulima mpunga wake. Hiyo ni kweli. Lakini pia inamwibia mgongo wake.

Fanya hivi:

1. Tumia mifuko midogo. Kilo 100 zigawe katika mifuko miwili ya kilo 50. Hata kilo 50 ni mzigo. Ukipita miaka 50, beba na mwenzako.

2. Unaponyanyua, sogea karibu na mzigo. Chuchumaa kwa kukunja magoti. Ukumbatie mzigo karibu na tumbo. Inuka kwa nguvu ya miguu. Usijipinde kiuno mzigo ukiwa mikononi. Kama unataka kugeuka, geuza miguu.

3. Acha gurudumu libebe. Baiskeli, toroli au mkokoteni wa ng'ombe hubeba bila kuumwa kiuno. Kaya tano zikichanga fedha zinaweza kununua toroli moja na kulitumia kwa zamu.

CHAGUA JEMBE

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Walimsema mvivu anayetafuta visingizio. Lakini mimi nakwambia, ukipita miaka 45, chagua jembe!

Mpini mfupi hukulazimisha kuinama mpaka chini. Mpini mrefu hukuwezesha kusimama karibu wima. Ukisimama nao, mpini mzuri wa kupalilia hufika kifuani. Uwe laini, wa duara, unaojaa kiganjani. Jembe liwe na makali, kwa maana jembe butu hutaka nguvu mara mbili. Dakika kumi za kunoa si dakika zilizopotea.

Kazi ya kutifua ardhi mpya ndiyo nzito kuliko zote. Bondeni kwetu tunao ng'ombe na majembe ya kukokotwa. Mahali pengine kuna pawatila ya kukodi. Ukishindwa kulimisha shamba lote, limisha nusu. Ile nusu nyingine lima kwa mkono polepole.

PANDA KWA MISTARI

Wengi wetu humwaga mbegu za mpunga ovyo shambani. Kumwaga ni rahisi. Lakini baadaye, wakati wa kupalilia, kuna nini? Ni kuinama siku nzima na kung'oa magugu kwa vidole.

Ukipanda kwa mistari, unaweza kupita katikati na mashine ndogo ya kupalilia inayosukumwa kwa mikono. Unatembea umesimama. Mashine inatembea mbele yako na kufukia magugu. Inafanya kazi vizuri udongo ukiwa laini na una maji kidogo. Si kila kaya inayo, lakini kikundi kinaweza kuinunua.

Na wakati wa kupura mpunga usiinamie chini. Weka gogo au meza ya miti yenye kimo cha kiuno juu ya turubai. Piga miganda hapo. Mpunga utaanguka juu ya turubai, nao mgongo utabaki wima.

KAKAO NA MICHIKICHI

Kakao ni rafiki wa mkulima mwenye umri. Kazi yake nyingi hufanyika kivulini. Lakini mti ulioachwa ukarefuka hukutaka upande au utumie mti mrefu. Pogoa mapema, mti usipite kimo ambacho unaweza kukifikia ukiwa chini. Beba maganda kwa kikapu kidogo hadi mahali pa kupasulia. Keti kwenye kigoda unapopasua. Anika kakao juu ya kichanja, siyo chini. Kichanja huifanya kakao iwe safi, nawe unaigeuza bila kuinama.

Juu ya michikichi nasema wazi. Mtu mwenye miaka 50 asipande mchikichi mrefu. Mkono ukichoka hakuna wa kukudaka. Mwachie kijana, mpe sehemu ya mikungu kama malipo. Na unapopanda michikichi mipya, tafuta aina ya Tenera. Huanza kuzaa ungali mfupi, ukavuna umesimama chini.

SAA ZA KAZI NA CHAKULA

Jua la Kyela ni kali na hewa ina unyevu. Anza alfajiri, maliza kazi nzito kabla ya saa nne asubuhi. Rudi tena jioni. Kila baada ya nusu saa simama, jinyooshe kwa nyuma, tembea hatua chache. Badili kazi: ukipalilia kidogo, nenda ukakusanye majani, kisha urudi. Nenda na maji ya kunywa yaliyo salama. Pombe si maji. Pombe hukausha mwili.

Misuli hujengwa na chakula. Wali mtupu au ndizi tupu havitoshi. Ziwa letu linatupatia usipa. Usipa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo hujenga misuli na mifupa pia. Ongeza maharage, karanga na mboga za majani. Usiuze usipa wote ukabaki na mchuzi.

SIYO KILA UCHOVU NI UZEE

Ndugu msomaji, hapa soma kwa makini. Mara nyingi mtu hudhoofika, na watu husema, "Ni uzee huo." Kumbe ni ugonjwa unaotibika.

Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya miguu na kunyonya damu. Mtu hupungukiwa damu, akachoka hata kwa kazi ndogo. Kichocho kipo katika maji ya ziwa na madimbwi yetu. Malaria ipo. Shinikizo la damu na kisukari huja bila kelele. Vaa viatu, tumia choo, na ufike kituo cha afya upimwe damu, mkojo, choo kikubwa na shinikizo.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi:

Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu.
Mkojo au haja kubwa inakutoka bila wewe kutaka, au mkojo unakataa kutoka.
Mgongo unauma pamoja na homa, au unakonda na kutokwa jasho usiku. Kifua kikuu kinaweza kushika hata mifupa ya mgongo.
Kifua kinabana au pumzi inakatika unapofanya kazi.

Na vidonge vya maumivu? Najua vinapatikana katika kila duka. Kuna watu humeza diklofenaki kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, kama wanavyokunywa chai. Ni hatari. Dawa za namna hiyo zikitumiwa muda mrefu zinaweza kutoboa tumbo kwa vidonda na kuharibu figo. Mwenye shinikizo la damu azidi kujihadhari. Tena, dawa inayanyamazisha maumivu, nawe unaendelea kujiumiza bila kujua. Tumia dawa kwa maelekezo ya mganga.

Mgongo ukikamata, na zile dalili za hatari hazipo, usilale wiki tatu kama Tata. Pumzika siku moja au mbili. Weka kitambaa cha maji ya moto. Kisha anza kutembea taratibu ndani ya uwanja. Kulala sana kulimzidishia Tata udhaifu.

MAMA NA BIBI WASISAHAULIWE

Tunapotaja kazi nzito, wanaume hufikiria gunia. Je, ndoo? Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mama akienda mara tano kwa siku amebeba kilo 100. Lumbesa hiyo hakuna anayeiona.

Bibi wa miaka 60 asibebe ndoo ya lita 20 kichwani. Ndoo ya lita 10 mara mbili ni maji yale yale. Na baiskeli ya baba iliyoegemea ukuta inaweza kubeba madumu. Maji siyo ya mama peke yake, wote tunakunywa. Ukienda Matema utaona vyungu vizuri vya akina mama Wakisi wa Ikombe. Kazi hiyo nayo ni ya magoti na kiuno. Kigoda kifupi na mkeka mnene ni msaada mkubwa kwa mfinyanzi mwenye umri.

KABIDHI MAPEMA

Sasa nije kwenye jambo kubwa. Kwa nini Tata aliyaficha maumivu? Aliogopa mambo mawili. Aliogopa kuitwa mvivu. Na aliogopa kwamba akiacha jembe atanyang'anywa shamba.

Wanyakyusa wa zamani walilijua jambo hili. Waliishi katika vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kusaidiana, lakini waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Kisha ilikuwepo sherehe ya ubusoka. Kizazi cha baba kilikabidhi uongozi kwa kizazi cha wana, mbele ya watu wote. Monica Wilson, mtafiti kutoka Afrika Kusini aliyekaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliyaandika mambo hayo.

Sisemi turudishe mambo yote ya zamani. Nasema wazee wetu walijua kwamba kukabidhi si kushindwa. Waliweka siku yake, wakaifanya kwa heshima.

Mwaka uliofuata tuliketi nyumbani kwetu. Tata, Mama, ndugu zangu na jirani mmoja kama shahidi. Tuliandika katika daftari. Ekari moja ya mpunga italimwa na mdogo wangu. Yeye atachukua sehemu ya mavuno, Tata na Mama watachukua sehemu. Ekari ya pili italimishwa kwa ng'ombe, fedha tutachanga sisi watoto. Shamba linabaki mali ya Tata na Mama. Kila mtu alitia sahihi. Tata aliomba kalamu. Alisoma daftari lote polepole kwa sauti, ndipo akaandika jina lake.

Na kazi ya Tata? Anasimamia kakao. Anageuza kakao kichanjani. Mpunga ukianza kuiva hukaa kibandani kuamia ndege, na wajukuu humkimbilia upande wa pili wa shamba. Anachagua mbegu za mwaka unaokuja, kwa sababu jicho lake ni bora kuliko letu. Bado kiuno humwuma siku nyingine. Lakini tangu siku ile hajauza mpunga ungali shambani.

Kama huna watoto karibu, ungana na jirani. Watu wanne wenye umri wanaweza kufanya kazi kwa zamu katika mashamba ya kila mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena ujue kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 kuwa mzee. Uliza ofisi ya mtendaji wa kijiji utaratibu wa matibabu ya wazee.

Na wewe kijana unayesoma gazeti hili, usingoje Tata aanguke. Jioni ya leo mwulize mgongo wake unasemaje. Akikujibu kwamba ni baridi tu, keti, umwulize tena.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Gunia la kilo 100 linazidi kilo 55 kwa kilo ngapi?
2. Katika kaya yako, nani hubeba mzigo mzito kuliko wote? Ana umri gani?
3. Taja kazi tatu za shamba lako zinazoweza kufanywa kwa kuketi.
4. Kwa nini ni hatari kumeza vidonge vya maumivu kila siku?
5. Ni kazi gani unaweza kumkabidhi mtu mwingine kabla ya msimu ujao? Andika katika daftari.